Chini ya Sakafu ya Davison

Ufa ulianzia chini ya magogo yaliyobeba lori, ukapinda, ukaja mpaka karibu na mlango mkubwa. Mwezi wa Agosti, nilipofika nyumbani kutoka chuo cha ualimu, uliingia ukucha tu. Oktoba viliingia vidole viwili, na kila asubuhi upande mmoja ulikuwa chini kidogo kuliko mwingine.

Gereji ilikuwa ya shemeji yangu Davison, hapa Nchelenge, mwendo mfupi kutoka ufukweni. Aliinunua mwaka wa 1953, pamoja na nyumba iliyoshikamana nayo, kwa mzungu mmoja wa biashara ya samaki aliyekuwa anarudi kwao. Dada yangu Mwila aliolewa naye mwaka uliofuata. Sasa dada alikuwa hospitali ya misheni, Mbereshi, akingoja kujifungua mtoto wa kwanza, nami nilibaki kumpikia mumewe. Lori lilikuwa limekaa ndani wiki tano, ekseli ya nyuma imefunguliwa, likingoja kipuri kutoka Elisabethville. Halikuweza kusogea.

Fundi Rodwell, mwashi wa Mwansabombwe, alipita kwetu akielekea Chienge kujenga shule. Davison alimwonyesha ufa. Rodwell alipiga magoti, akageuza nyundo, akagonga sakafu kwa mpini wake mahali patatu.

"Usiivunje mpaka nirudi," alisema.

"Utarudi lini, fundi?"

"Wiki tatu. Labda ine."

"Na miye nitakula nini hizo wiki ine? Simenti ninayo. Mikono ninayo."

"Mikono hata mutoto anayo," Rodwell alisema, akapanda baiskeli yake.

Davison alicheka mpaka fundi akapotea njiani. Alikuwa amekulia Kilwa, si ile ya pwani bali ya ng'ambo ya ziwa, upande wa Elisabethville, na Kiswahili chake kilikuwa cha kule. Nyumbani kwake tulizungumza hicho kuliko Kibemba chetu. "Mulamu," aliniambia, "miye nilimwaga simenti Mufulira miaka mitatu, chini ya wazungu wakali. Huyu anataka tu nimungoje. Mvua zikifika na lori haliko tayari, mapale, samaki wote wa msimu, yatabebwa na wengine." Akaeleza mpango wake. Angevunja nusu ya mbele kwanza, amwage zege jipya, kisha lori likipona alisukume mbele, avunje nusu ya nyuma. Alichora kwa kidole kwenye vumbi la sakafu. Ulikuwa mpango mzuri. Hata mimi niliona ni mzuri.

Jioni hiyo nilikwenda kwa mama. Nyumba yake ilikuwa nyuma ya ua wa matete, karibu sana na gereji hivi kwamba alisikia kila kikohozi cha mkwewe. Alikuwa akimenya karanga. Nilimsimulia habari ya fundi kama habari ya kawaida tu, lakini mikono yake ikasimama.

"Alipogonga, ililiaje?"

"Mlangoni ililia kama jiwe. Karibu na lori ililia kama mtungi mtupu."

Mama akaweka ungo chini.

"Pale tulikuwa tunatia samaki chumvi," alisema. "Wanawake kumi na wawili, kabla mzungu hajaleta lori la barafu. Kulikuwa na mashimo matatu, yamejengwa kwa matofali. Ukisimama ndani ya moja, huoni nje. Tulishuka kwa ngazi kuwapanga samaki, na aliye chini alikuwa anaimba ili walio juu wajue bado yuko mzima, kwa sababu harufu ya mle iliweza kumzimisha mtu."

"Yalifukiwa?"

"Angefukia na nini? Alikuwa na haraka ya lori lake. Walilaza miti juu, wakapanga mabati ya mapipa, wakamwaga simenti. Sisi wenyewe tulisomba mchanga kichwani."

"Miti gani, mama?"

"Miti tu," alisema. "Ile ambayo mchwa huianza kwanza."

Nilimwuliza kama Davison anajua. Aliniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. Nani angemwambia? Mama mkwe hasemi na mkwe wake, hamtazami usoni, hakai naye chini ya paa moja, mpaka siku ile atakapompikia vyakula vyote vya nyumbani na kumwingiza rasmi katika ukoo. Siku hiyo ilikuwa imeahirishwa mara mbili, kwanza kwa msiba wa baba, halafu kwa mimba ya dada. Davison alishika heshima hiyo kuliko wanaume wote wa Nchelenge. Akimwona mama njiani, aliacha njia na kuingia matetini, hata kama ni maji. Mara moja aliingia ndani ya banda la kuku la jirani, akakaa humo mpaka mama alipomaliza kusalimiana na watu.

"Mwambie wewe," mama alisema. "Wewe una ruhusa ya kusema naye lolote."

Hapo ndipo palipokuwa na shida. Ni kweli nilikuwa na ruhusa ya kusema naye lolote, kwa sababu shemeji na mulamu wake hutaniana, na kwetu sisi utani huo hauna mpaka. Alikuwa akiniita muke mudogo mbele ya watu. Wiki moja kabla, aliniambia polisi wa boma amekuja kunichumbia na amekaa sebuleni, nami nikabadilisha nguo na kupaka mafuta kabla ya kugundua kwamba sebuleni hapakuwa na mtu. Nilimlipa kwa kumwambia kipuri chake kimefika, akakimbia mpaka posta bila viatu.

Nilimpelekea ubwali na samaki. Nilisimama mlangoni badala ya kuondoka.

"Mulamu, usivunje sakafu kesho. Chini yake kuna mashimo. Mama anayajua, alifanya kazi humo."

Alitazama sahani, akanitazama. Tabasamu lilianza pembeni mwa mdomo wake.

"Mashimo."

"Matatu. Marefu kuliko wewe. Yamefunikwa na miti iliyooza."

"Na ndani kuna mamba?"

"Leo sitanii."

"Hata ile siku ya posta ulisema hautanii." Alimega ubwali. "Wazungu walisimamisha lori hapa juu, limejaa samaki na barafu, miaka mingi. Halikuanguka. Leo lori tupu njo litaanguka, kwa sababu muke mudogo amesoma chuo?"

"Uliza mama."

Lilikuwa neno baya la kusema. Aliangua kicheko. "Sasa nimejua unatania. Nimuulize mama mukwe. Nikamukalie mapajani, tupige hadithi."

Ningepaswa kulia, au kumshika mkono, au kumwaga chakula chini. Lakini mimi nikiona haya hutabasamu. Nimekuwa hivyo tangu utoto; walimu walinipiga kwa sababu hiyo. Nilisimama pale nikijua kwamba mume wa dada yangu anaweza kufa kesho, na uso wangu ulikuwa unatabasamu. Aliuona. "Unaona," alisema kwa upole, "hata weye mwenyewe unacheka."

Asubuhi alianza kabla jua halijapanda. Nilikuwa kwa mama, nikipepeta unga. Pigo la kwanza lilitingisha vyombo vya bati kwenye chanja. Mama hakuinua kichwa. Davison alipiga vizuri, kwa mwendo wa mtu aliyefundishwa, pigo, pumzi, pigo. Mwanzoni, pale mlangoni, sauti ilikuwa kavu na fupi. Tukasikia akivuta vipande nje kwa sepetu. Kisha akaendelea kuingia ndani.

Nilikwenda mara moja kuchungulia. Alikuwa amevua shati, mgongo umejaa vumbi jeupe. Ufa ulikuwa sasa na upana wa kiganja. Pembeni yake, juu ya sakafu ambayo hajaivunja bado, nikaona doa la unyevu ambalo halikuwapo jana, na juu ya doa hilo mchwa walikuwa wakitoka, wengi, kama wanaohama.

"Mulamu, tazama mchwa."

"Waambie wangoje zamu yao," alisema bila kusimama.

Nilirudi kwa mama nikamweleza. Alikuwa bado amekaa, lakini mikono yake ilikuwa mitupu mapajani. Tulisikiliza pamoja. Kila pigo lilikuwa na mwangwi sasa, na mwangwi ulichelewa kidogo, kama kwamba mtu mwingine chini alikuwa anajibu.

"Amefika la kwanza," mama alisema.

Aliinuka. Akanawa mikono, akafunga kitenge chake cha kanisani juu ya kile cha kazi, akafungua mlango wa ua.

"Mama, yuko ndani," nilisema.

"Najua yuko ndani."

"Hajavaa shati."

Nilimfuata. Miaka hii yote sijapata kuona mtu akitembea hatua chache kwa uzito kama ule. Watu wawili waliokuwa wakipita na nyavu walisimama, kwa sababu waliona anakokwenda. Alifika kwenye mlango mkubwa wa gereji, akasimama juu ya kizingiti, mahali ambapo zamani, alivyoniambia baadaye, walikuwa wakisimama kuosha samaki na ardhi ni ngumu. Alimtazama mkwe wake usoni.

Davison alikuwa ameinua nyundo. Akamwona. Sijui kama nimewahi kuona hofu ya namna hiyo kwa mwanaume. Nyundo ilimtoka mkononi, akajifunika uso kwa mikono miwili, akageuka na kukimbia akiwa ameinama, akapita kando ya mapipa ya mafuta, akatoka kwa mlango mdogo wa ubavuni mpaka shambani kwenye mihogo.

Nyundo ilikuwa imeanguka juu ya lile doa. Sauti haikuwa kubwa. Kitu kilivunjika chini, kama ukuni mbichi, kikafuata kingine, kisha sakafu pale Davison alipokuwa amesimama ikashuka kipande kizima, na nyundo ikaenda nayo. Ufa ukakimbia kuelekea nyuma. Lori lilikaa taratibu, nyuma kwanza, kama mzee anayetafuta kiti, magogo yakateleza, na likaingia ndani mpaka kwenye milango. Vumbi likatujia. Nyuma ya vumbi ikaja harufu ya chumvi na samaki wa zamani, nzito, ya miaka yote ile. Mama akaziba pua kwa kitenge, akarudi nyuma hatua moja tu.

Nilimkuta Davison amechutama kwenye mihogo, uso bado ndani ya mikono. Alidhani kelele ile ni ya aibu yake kichwani.

"Mulamu," alisema, "mama ameenda?"

"Ameenda. Njoo uone."

Aliona. Alikaa chini kwenye kokoto.

Mchana alinituma kwa mama na jembe jipya na kuku mweupe, kwa kosa la kuonana. Mama alirudisha vyote. "Mwambie nimekosa mimi," alisema. Davison alivileta tena hadi kwenye ua wa matete, akaviweka chini, akabaki amesimama upande wake, mgongo kwetu.

"Mulamu, uliza mama," alisema polepole. "Yale mengine mawili iko wapi?"

Mama alikuwa karibu naye, matete tu katikati. Hata hivyo alinijibu mimi.

"La pili liko chini ya mapipa ya mafuta."

Davison alikuwa amepita juu yake akikimbia. Nilimwambia. Aliitikia kwa kichwa.

"Na la tatu?"

Mama alihesabu kwa vidole, akitazama paa la gereji, akitazama paa la nyumba iliyoshikamana nayo.

"Kibanda chetu cha samaki kilikuwa kirefu kuliko gereji hii," alisema mwishowe. "Mzungu alikikata upande mmoja, akaugeuza nyumba."

Sikuhitaji kurudia, matete hayazuii sauti. Chumba cha mwisho, kile kilichoshikamana na gereji, ndicho tulichokuwa tumekipaka chokaa kumngojea Mwila na mtoto. Kitanda kilikuwa tayari.

Davison hakutania. Alichukua mchi wa kutwangia uliokuwa umeegemea ukuta wa jiko, akaingia ndani ya nyumba. Kupitia dirisha tulimsikia akigonga kwa mti, polepole, kama alivyofanya Rodwell. Mlangoni ililia kama jiwe. Katikati ya chumba, kama jiwe. Kisha alifika penye kitanda. Tulisikia akikivuta, akagonga mara moja, mwangwi ukachelewa, akagonga tena palepale.