Vipimo vya Darasa la Daktari Were

Jumanne moja ya Februari 1974, saa nne asubuhi, Munyiva Nthiwa, mhadhiri mpya, aliketi nyuma ya darasa la Daktari Zadock Were akiwa na fomu ya kurasa mbili. Chuo kilikuwa kimeanza utaratibu mpya: kila mhadhiri akaguliwe na mwenzake akiwa darasani, ili ufundishaji uimarike.

Daktari Were alisoma historia kutoka karatasi zilizogeuka manjano, bila kuinua macho. Kufikia saa nne na nusu wanafunzi walikuwa wamezama sakafuni hadi magotini. Saruji iliwapokea polepole, nao wakaendelea kunakili. Kipindi kilipoisha walivutana wakatoka, isipokuwa Philister, msichana kutoka Bungoma aliyeketi mbele. Yeye alikuwa amezama hadi kiunoni.

Munyiva alimvuta mikono, hakusogea. Akamuuliza amekaa hapo tangu lini.

"Tangu wiki ya pili ya muhula, mwalimu. Niliuliza swali, akaniambia ninakili tu."

Chakula aliletewa na wenzake kutoka bwaloni.

Munyiva aliandika alichokiona, kina cha kila mwanafunzi kwa inchi. Mkuu wa idara, Bwana Nashon Odero, alisoma yote, akasema vipimo ni sahihi. Kisha akamkumbusha kwamba wiki ijayo Daktari Were angemkagua yeye, na kwamba yeye Munyiva bado hajathibitishwa kazini.

"Hakuna anayekukatalia, Bi. Munyiva," alisema. "Lakini fomu inauliza kama mwalimu alifika kwa wakati. Si alifika?"

Jioni hiyo Munyiva alirudi nyumbani, mtaa wa Woodley, kwa miguu, akipita stendi moja baada ya nyingine bila kupanda basi. Alimfikiria mama yake kule Mwingi, aliyemwambia kanisa zima kwamba bintiye anafundisha chuo kikuu. Asubuhi akajaza fomu mpya: alifika kwa wakati, sauti inasikika. Daktari Were naye akamwandikia maneno yaleyale.

Munyiva alithibitishwa mwezi wa Aprili. Mwezi huohuo fundi Nzioka aliitwa kukata miguu ya madawati, yalingane na vimo vya wanafunzi wakishazama.

Siku ya mtihani, Philister alikuwa amezama hadi shingoni, ila mikono aliiwahi ikabaki juu ya sakafu. Munyiva ndiye aliyesimamia. Aliinama, akamwekea karatasi ya maswali mbele ya kidevu, akaangalia saa, akawaambia waanze.