Kifua Kilichonyamaza

Kila Wambeti alipovuta pumzi, kifua chake kililia mluzi mwembamba uliosikika hadi zizini. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa ameipikia shule ya msingi karibu na Karurumo, katika jiko la mabati lisilo na dirisha, na moshi wa kuni ulimwingia akiwa bado na nguvu, ukakaa. Aliambiwa kliniki kwamba njia za hewa zimebana, akapewa dawa.

Mumewe Kaburu, mwalimu mstaafu, aliuchukia mluzi ule. Kanisani alimwomba wakae benchi la nyuma. Nyumbani alihamia chumba cha binti yao Kendi, aliyeolewa huko Majimbo, akasingizia mgongo.

Asubuhi moja ya mavuno ya kahawa, baada ya siku tatu za mluzi usiokoma, Kaburu aliamka akasikia kimya. Alimkuta mkewe ameketi kitandani, ameinama mbele, mikono magotini, macho nusu wazi. Mabega yalipanda na kushuka bila sauti. Kaburu alidhani dawa imeshika. Alimshukuru Mungu, akamfunika mkewe shuka, akaita bodaboda impeleke na kahawa yao kiwandani. Huko alipanga foleni akipiga soga, moyo mwepesi kuliko ulivyokuwa kwa miezi mingi.

Aliyempigia simu ni Joyline, jirani yao. Alikuwa amemkuta Wambeti midomo imegeuka kijivu.

Hospitalini daktari alitaka kujua kifua kilinyamaza lini. Kaburu alimwambia ni asubuhi, na kwamba yeye alifurahi. Daktari aliweka kalamu chini.

"Mwalimu, ule mluzi ulikuwa hewa inayopita kwa shida. Uliponyamaza, hewa iliyopita haikutosha hata kutoa sauti."

Siku ya tatu Wambeti aliondolewa kinyago cha oksijeni kwa muda mfupi apewe uji. Kaburu alishika kikombe. Alikuwa ameyapanga maneno ya kuomba radhi, marefu, ya kimwalimu, lakini mkewe alimtangulia.

"Baba Kendi," alisema, akipumzika baada ya kila neno, "nilikuita."

"Lini?"

"Uliponifunika shuka."

Kaburu aliikumbuka midomo ya mkewe ikicheza. Alidhani anasali. Alipokuwa akitoka mlangoni, alikuwa ameitikia amina.

Alimsogezea kikombe. Wambeti alikunywa funda moja, akageukia ukutani, na muuguzi akaja kumrudishia kinyago.