Sarara Haichemshwi

Mama aliniahidi hivi: wateja wa mchana wakisifu nyama yangu, jiko la pili la mgahawa wetu litakuwa mikononi mwangu. Wasiposifu, niendelee kumenya viazi na kupokea amri za wifi yangu, mke wa kaka, ambaye ndiye aliyetawala sufuria zote tangu magoti ya Mama yaanze kumsumbua.

Asubuhi nilikuwa wa kwanza buchani.

"Nataka sarara peke yake, kidari peke yake, muundi peke yake," nilimwambia muuza nyama wetu, tunayemwita Shoka. "Usichanganye."

"Ng'ombe mmoja unamgawa kama mirathi!"

"Na kila mrithi na mfuko wake."

"Mama yako miaka yote anachukua mchanganyiko, hajawahi kunisumbua."

"Ndiyo maana wateja wake wanatafuna mpaka wanasahau walichokuwa wanasimulia."

Alicheka, akageukia gogo lake.

Hilo ndilo lililokuwa likinikereketa siku zote. Kwetu nyama zote hukatwa saizi moja, hutiwa sufuria moja, hupewa muda mmoja, kana kwamba ng'ombe alikuwa mkate. Muundi ni nyama ya mguu. Umembeba mnyama maisha yake yote, na kano zake zimekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Ukiuharakisha, unakugomea. Unataka moto mdogo, mfuniko na subira, mpaka kano ziyeyuke na mchuzi uwe mzito wenyewe. Kidari, nyama ya kifuani, kina tabaka lake la mafuta. Nakipika polepole kikiwa kizima, kisha nakikaanga upande wa mafuta mpaka kiwe cha kahawia. Sarara sasa ndiyo mvivu wa familia. Imelala mgongoni tangu ng'ombe akiwa ndama, haijui kazi. Hiyo unaikata kukingama nyuzi zake, kikaango kiwe cha moto hasa, unageuza mara moja, unatoa. Ukiichemsha maji yake yote yanaitoka, unabaki na nyuzi.

Lakini Mama ana sheria yake. Jokofu letu la zamani liliwahi kuharibika, paja zima likaoza ndani, na tangu hapo nyama ikiingia jikoni ni lazima ichemshwe kwanza, mengine baadaye. Jokofu jipya lipo, zima, linanguruma kama trekta. Sheria haijafutwa.

"Sarara nitaiacha mbichi mpaka wateja waketi," nilimwambia. "Tafadhali Mama, usiiguse."

"Mimi? Niiguse ya nini?"

Muundi ulikuwa ukitokota taratibu, kidari kimefunikwa. Nikatoka kufuta meza. Niliporudi, sahani ya sarara ilikuwa imeoshwa na kupinduliwa, inachuruzika maji. Wifi alikuwa akikata kabichi, macho chini.

"Wifi, sarara iko wapi?"

"Mimi simo," alisema haraka. "Leo simo kabisa."

Mama alikuwa amesimama kwenye sufuria ya muundi, mwiko mkononi, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka kutoa sadaka.

"Uliisahau, mwanangu. Ilishaanza kubadilika rangi. Nimekuokolea."

"Mama! Si nilikwambia usiiguse?"

"Sikuigusa. Nimeimimina."

Nikachota kwa upawa. Vipande vilikuwa vimejikunja, rangi ya jivu, vimesinyaa nusu. Hapakuwa na cha kuokoa, na wateja walishaanza kuvuta viti. Nikapakua vilevile, meno nimeyauma.

Fundi cherehani wa duka la jirani ndiye aliyeanza. "Jamani, leo mmepika ng'ombe wawili? Kipande hiki kinayeyuka, hiki cha pili natafuna kama futi yangu ya kupimia!"

Mgahawa mzima ukacheka. Nami nikacheka, kwa kuwa kulia mbele ya wateja ni mwiko. Kidari, lakini, hakikubaki hata kipande, na mchuzi wa muundi waliufuta kwa vidole.

Wateja walipoondoka, Mama akaniita mezani.

"Umefaulu. Muundi na kidari wamevisifu. Jiko la pili lako."

"Hongera, wifi!" Mke wa kaka akapiga makofi. "Na mimi mgongo upumzike."

"Ila sarara, Shoka kakuibia," Mama akaendelea. "Kakupa dume zee. Kesho nitamshukia."

"Hajaniibia, Mama. Imeharibika kwa sababu umeichemsha."

"Muundi nao si umechemka? Sufuria moja, maji yaleyale. Mbona wenyewe laini?"

Nikaeleza upya: mguu unaofanya kazi, mgongo unaolala. Nikaeleza kwa mikono, nikaeleza kwa kujipigapiga muundi wangu mwenyewe. Mama alitikisa kichwa kwa huruma, kama anayemsikiliza mgonjwa wa homa. Kama asingekuwa mama yangu, ningesema nampigia mbuzi gitaa.

"Sawa, nimekusikia," alisema mwishowe. "Jiko ni lako. Lakini nyama ichemshwe kwanza."

"Basi si langu."

Wifi aliacha kupiga makofi.

"Unasemaje?" Mama aliniuliza.

"Jiko lenye amri yako ni lako, Mama. Mpe wifi. Mimi nitaenda kuomba kazi kwingine, hata ya kuosha vyombo, nyama ikiharibika, iharibike kwa mkono wangu mwenyewe."

Nilidhani atafoka. Alisugua goti.

"Sikutaka kukuharibia," alisema. "Nyama mbichi nikiiona imekaa tu, moyo unanienda mbio. Naisikia ile harufu ya paja lile."

"Najua, Mama."

"Kesho nunua sarara kidogo. Uipike unavyotaka. Mimi nitaketi hapa."

"Bila kushika kitu?"

Alitazama jikoni, akatazama mikono yake.

"Nitajaribu," alisema. "Lakini nawe usichelewe kuwasha moto."