Wamemsamehe Rukaiya

Walimwosha Rukaiya mara tatu kwa maji ya mkunazi, na bado nywele zake zilinuka petroli. Bi Mayasa, mwosha maiti wa Bwejuu, akaongeza kafuri.

"Haitoki," akasema.

"Basi iache," Mwatum akamjibu. "Mwanangu aende nayo."

Jana asubuhi ndege ndogo ya kujifunzia ilinyanyuka, injini ikapungua nguvu kabla haijavuka minazi, ikaanguka. Rukaiya alikuwa peke yake ndani.

Wiki iliyopita alikuja nyumbani hana raha. "Mama, injini inakohoa tukinyanyuka. Nshaandika kwenye kitabu cha ndege mara mbili, karatasi zinachanwa. Nnaogopa."

Hata hajamaliza kula, simu ikalia. Alikuwa Abdulwahid, mkuu wa chuo cha urubani, aliyekuwa akimsomesha Rukaiya bure.

"Bi Mwatum, mwanao kaanza woga, ananichafulia kitabu. Wewe ndiye mama, mweke sawa. Injini nimeiangalia mwenyewe, wallahi."

Mwatum aliishia darasa la saba, na ndege aliziona zikipita tu, yeye kainama kwenye kamba za mwani. Akamwamini.

"Nenda kamtake radhi," akamwambia binti yake. "Au unataka urudi kwenye mwani kama mimi?"

Rukaiya akaenda, akamtaka radhi.

Sasa jeneza liko uani. Machano, ndugu yake Mwatum, akasimama mbele ya wanaume. "Jamani, marehemu ni binadamu. Aliyekosewa naye, amsamehe. Anayemdai, aje kwetu."

"Tumesamehe!"

"Mimi nina neno," sauti ikasema. Mwatum akaijua. Abdulwahid alisogea mbele, kanzu imenyooka kwa pasi. "Ndege yetu imekwisha. Mtoto alibabaika, kosa ni lake. Lakini mbele yenu nyote, chuo kimemsamehe. Hatumdai kitu."

"Mungu akujaze kheri!" uani kote wakaitika.

Ndani, Bi Mayasa akampapasa Mwatum mgongoni. "Umemsikia? Muungwana yule."

Mwatum alishafika mlangoni. "Mwongo! Machano, muulize karatasi za kitabu ziko wapi! Mwanangu kakosa nini hata asamehewe?"

Machano akamjia mbio, macho chini. "Dada, sauti. Mtu kasamehe mbele ya watu, wewe unamtukana? Ingia ndani, maiti inachelewa."

"Nani kamwomba msamaha?"

"Si wewe? Si wewe uliyempeleka mtoto wiki iliyopita akamtake radhi? Angekuwa hana kosa, ungempeleka?"



Jeneza likanyanyuliwa. Abdulwahid akakunja mikono ya kanzu, akaingiza bega mbele kabisa, na watu wakampisha.