Celica Iliyonyanyuliwa

Nyangwine aliuza ng'ombe kumi na wawili wa mahari ya dada yake, akanunua gari la milango miwili. Tuliseme hivyo hivyo, maana hata yeye hakuwa na namna nzuri ya kulisema. Ng'ombe wale baba yake marehemu aliwaacha ili Nyangwine naye aolee mke, na kwao ng'ombe wa dada hawaendi mnadani. Lakini roho ilishapenda.

Ilikuwa Celica, gari la mbio lililokaa chini chini, ya mzee Baltazar, bwana mifugo mstaafu pale Mugumu, mtu wa Bukoba. Miaka kumi na minne haikujua mkwaruzo.

"Ikikushinda, nirudishie ilivyo, nakupa hela yako yote," mzee alisema. "Lakini ukiikata, usinijie."

Barabara ya Kisaka, kijijini kwake, iliishinda siku ya kwanza. Tumbo liligonga kila jiwe, akaiacha dukani kwenye njia kubwa, akatembea kwa miguu hadi nyumbani. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu: gari gani hilo linalomsubiri mwenyewe? Wiki nzima hakulala vizuri, airudishe au ainyanyue. Akili ilisema arudishe. Kicheko cha watu kilimuuma zaidi. Akaipeleka Tarime kwa fundi Erasto, ikawekwa springi ndefu na matairi makubwa, na ili matairi yaenee, Erasto akakata bodi kwa grenda. Cheche ziliporuka Nyangwine alikuwa anatabasamu, mjinga yule.

Siku ya tatu baada ya hapo Boke, dada yake, alifika amevunjika mkono. Mumewe, Matiko, alimpiga kwa mpini wa jembe.

"Sirudi kule, kaka. Warudishie ng'ombe wao."

Nesi aliyemfunga plasta alimwambia aende polisi. Boke akajibu kuwa polisi hawana ng'ombe.

Nyangwine akakimbilia Mugumu. "Shikamoo, mzee. Imenishinda." Baltazar alipitisha kidole mahali bodi ilipokatwa, polepole, kote kote.

"Umeichinja," akasema, akaingia ndani.

Wanunuzi wengine walitaja bei ya ng'ombe watatu. Wajomba walimwambia zizi alilifuta mwenyewe, alijaze mwenyewe. Kisha watu wa Matiko wakaleta neno: ng'ombe, au mke. Boke hakumlaumu kaka yake, na hilo ndilo lililomvunja moyo kabisa. Alikunja nguo zake kwa mkono mmoja.

Njia ya kwa Matiko ni mawe matupu. Gari lilipanda bila kugusa chini hata mara moja. Nyangwine aliendesha huku machozi yakimtoka, akitamani likwame.

Matiko alitoka nje. Hakumtazama mkewe. Alilizunguka gari, akainama, akapiga tairi teke.

"Shemeji! Hii kitu umeinyanyulia wapi?"

Boke alikuwa bado anahangaika na mlango kwa mkono wake mzima. Na Nyangwine, Mungu amsamehe, akajikuta anamweleza Matiko habari za springi.