Kopo la Yonasi

Saa mbili asubuhi, pale Iyula, Kefa alikuwa anageuza kahawa kwenye kichanja Yonasi alipoingia uani na kopo lake. Yonasi alifariki wakati wa vita vya Kagera na bado alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Gloria, binti wa Kefa, aliwafukuza kuku wasimsumbue miguuni.

"Baba, mgeni wako huyo. Uji upo jikoni."

Kefa akauchota juujuu, ule wa maji, akamtilia. Hakukusudia. Mkono ulijiendea wenyewe, kama ulivyozoea kule kambini, yeye na Yonasi walipokuwa mateka wa vita. Walinzi walimkabidhi yeye upawa kwa sababu hakuwa mbishi. Uji mzito hukaa chini ya pipa, na mwenye upawa ndiye huamua nani apate wa chini. Yonasi alipoanza kuhara, Kefa akaona huyu hafiki mbali, akawa anampa maji ya juu. Sehemu nzito ya Yonasi akaila yeye. Siku kumi na moja. Hakuna namna ya kulipamba jambo hilo, na Kefa hakuwahi kumwambia mtu.

Yonasi alikaa juu ya gunia, akashika kopo, hakunywa. Kesho yake akaja tena. Wiki ya pili mchungaji alitangaza kanisani kwamba wenye pikipiki wapunguze mwendo njia ya kwa Kefa, kuna marehemu anapita.

Habari zikafika Mbebe, kule Ileje, kwa Tulinagwe, mjane wa Yonasi. Alikuja na basi, amebeba kiroba cha unga. Akamtazama mumewe kwa muda mrefu.

"Hujanyoa," alimwambia. "Na mjukuu wako kakupita umri."

Kisha akamgeukia Kefa.

"Shemeji, mbona nyumbani haji? Anakuja kwako tu."

"Sijui, shemeji."

"Miaka yote hii nauliza, naambiwa homa. Mwanamke anazeeka hajui mume wake alikufaje. Leo mwenyewe huyu hapa. Niambie mbele yake."

Kefa alikuwa amechoka. Uongo ule aliubeba tangu ujana, na sasa ukweli ulikuwa umeshafika mdomoni kabisa, ulibaki kutemwa tu. Alitamani kuutema, Mungu ni shahidi. Lakini Gloria alikuwa amesimama mlangoni, ungo mkononi, akisikiliza.

"Ilikuwa homa, shemeji," alisema. "Ila hakulala njaa. Nilikuwa namchotea mimi mwenyewe."

Yonasi aliinua uso, akamwangalia, akanyoosha kopo.

Tulinagwe alipiga magoti palepale kwenye vumbi, akamshika Kefa mikono yote miwili, akalia.

"Mungu akubariki, shemeji. Kumbe ndiyo maana anakuja kwako."

"Inuka, shemeji," alisema Kefa. "Inuka tu."

Tangu siku hiyo Tulinagwe hutuma kiroba cha unga kila mwezi, kwa basi la Ileje, ili mumewe asikose. Yonasi huja kila asubuhi, hupewa wa juu, hanywi. Kefa hukaa kando yake na kula ule wa chini. Unga wa Mbebe ni mzuri, na mwaka huu amenenepa.