Jina Lililochongwa kwa Msumari

Mtu akikuambia mawe yote ni mawe, mwambie akamuulize Dorca wa Asembo. Miaka kumi na minane aliuza odowa sokoni Kombewa, yale mawe laini wanayotafuna akina mama wajawazito, na jiwe la udongo alilijua kwa pumzi tu.

Kwa hiyo siku mumewe Gordon alipoleta bamba la jiwe kutoka ufuoni kwa wilbaro, Dorca alingoja aingie ndani, akalipumulia. Likanuka mvua ya kwanza. Akaligusa kwa ulimi, likanata. Ubavuni lilikuwa na matabaka membamba, tope juu ya tope, jinsi ziwa lilivyolilaza zamani za kale. Ole wake! Hili halikuwa jiwe la kaburi. Maji yalilileta, maji yangelichukua.

Lakini angesemaje? Tangu wamzike Winny, binti yao wa pekee, Gordon alikuwa hali, haongei. Saruji ya mafundi aliikataa katakata. Jina la mwanawe angelichonga mwenyewe. Sasa alikaa kando ya kaburi na msumari wake, unga wa jiwe ukimwagikia magotini. Siku ya tatu aliomba uji. Siku ya nne alitabasamu.

"Nyar Seme," akamwita mkewe kwa jina la alikozaliwa, "hebu tazama hii W. Nani alisema sina mkono?"

"Una mkono, Baba Winny," Dorca akajibu, na moyo ukamuuma vibaya.

Mawingu yakikusanyika, alilifunika jiwe kwa nailoni, eti kuku wasilichafue. Kuku gani, jamani! Gordon hakuuliza.

Mvua kubwa ya Aprili ilimkuta Dorca sokoni. Alirudi mbio, viatu mkononi. Upepo ulikuwa umeipeperusha nailoni hadi kwenye ua, na Gordon alikuwa amepiga magoti kwenye maji. Jiwe lilikuwa limefunguka tabaka kwa tabaka kama chapati, na jina lote limegeuka uji wa kijivu uliompita vidoleni kila alipojaribu kuuzuia.

"Ulijua?" aliuliza bila kugeuka. "Wewe unayejua mawe?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza. Lakini ulikuwa umeanza kula, Baba Winny. Ningekuambiaje?"

Gordon alikung'uta tope vidoleni.

"Basi ulikaa ukanitazama," akasema, "nikimzika mara ya pili."

Dorca alivua leso, akapiga magoti kando yake, akaanza kulizoa tope. Gordon akainuka, akaingia ndani, na jioni ile hakula.